Binti Mfalme wa Riwayani na Mwana Fatuma wa Unguja



  Tungependa kuzungumza juu ya jambo lililotokea darasani kwetu hapa Chita, kwani tumeona lina mafunzo kwa watoto na kwa sisi walimu pia.

Siku moja tulimkuta binti wa darasa la wakubwa ameficha kitabu ndani ya juzuu yake. Ilikuwa riwaya ya vijana iliyotoka Ifakara, inayomhusu binti mfalme aliyenyang'anywa kiti na ami yake, akafungwa mnarani, kisha akajifunza uchawi, akatoroka na kurudi kulipiza kisasi. Tulikichukua kitabu tukakifungia kabatini. Tukadhani kazi imekwisha.

Baada ya swala ya Alasiri binti yule akaja mlangoni na adabu zake zote. Akasema, "Ustadhi, nimekosa kukificha, naomba radhi. Lakini naomba kuuliza, sisi hatukuwa na malkia aliyetekwa akarudi?"

Tulikohoa kidogo, tukamwambia aende nyumbani, giza linaingia. Ukweli ni kwamba hatukuwa na jibu. Na hiyo ndiyo aibu yetu. Tulijua kukamata kitabu, lakini hatukuwa na cha kumpa mtoto badala yake.

Leo tunamjibu mbele yenu nyote. Ndiyo, mwanangu, alikuwapo, na alikuwa wa pwani yetu hii hii.

Aliitwa Mwana Fatuma, mtawala wa Unguja katika ukoo wa Mamwinyi Wakuu. Mwezi Machi mwaka 1696 Waomani waliizingira Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyokuwa mikononi mwa Wareno. Mazingira hayo yalidumu miezi 33, hadi Disemba 1698 ngome ilipoanguka. Njaa na maradhi viliua watu wengi mno humo ndani. Katika shida hiyo Mwana Fatuma aliwapelekea Wareno chakula, kwani kiti chake kilisimama kwa urafiki nao. Ngome ilipoanguka, Waomani wakaja Unguja, wakawafukuza Wareno na kumchukua malkia hadi Maskati. Akakaa uhamishoni kiasi cha miaka kumi. Takriban mwaka 1709 aliruhusiwa kurudi, akatawala tena, na baada yake akashika mwanawe Hassan.

Sasa tutazame tofauti ya habari hizi mbili.

Kwanza, binti mfalme wa riwayani hana kosa hata moja. Maadui zake ni wabaya watupu naye ni mwema mtupu. Mwana Fatuma hakuwa hivyo. Alikuwa Muislamu, naye akawasaidia Wareno dhidi ya Waislamu wenziwe. Wapo watakaotuambia tusiwasimulie watoto jambo hili. Sisi tunaona tuwasimulie. Mtoto aliyezoeshwa watu wasio na dosari, siku akigundua dosari yake mwenyewe hukata tamaa. Habari ya Mwana Fatuma inamwambia kwamba mtu anaweza kukosea, akaanguka, akainuka, na watu wake wakampokea.

Pili, wa riwayani hurudi kwa uchawi. Uchawi kwetu ni haramu, na hapa bondeni tumekwishaona nyumba zilizovunjika kwa imani hizo. Mwana Fatuma hakurudi kwa hirizi wala kwa upanga. Alisubiri miaka kumi katika nchi ya ugenini.

Tatu, na hili ndilo kubwa, wa riwayani akishakalia kiti kitabu kinakwisha. Mwana Fatuma aliporudi alikuta Waomani wamejenga ngome mjini, mahali palipokuwa na kanisa la Wareno. Ndiyo ile inayoitwa Ngome Kongwe hadi leo. Inaelezwa kuwa nyumba yake ilikuwa jirani tu, pale ilipokuja kujengwa Beit al-Ajaib mwaka 1883. Basi alitawala huku askari wa dola nyingine wako ubavuni pake. Madaraka aliyorudishiwa hayakuwa yale aliyonyang'anywa. Hata hivyo aliyashika, kwa kuwa watu wa Unguja bado walihitaji kiongozi.

Jambo hili si geni kwetu. Katika Suratu Yusuf tunasoma habari za mtoto aliyeuzwa na kufungwa jela, kisha akapata madaraka katika nchi ya Misri. Alipoyapata hakuanza na kisasi. Alisimamia ghala za chakula, na ndugu zake waliomdhulumu akawasamehe. Sisi watu wa mpunga tunajua thamani ya ghala mwaka wa njaa. Madaraka ni amana, nayo humfaa aliyejiandaa nayo angali kifungoni.

Kwa hiyo rai yetu ni hii. Enyi wanafunzi, someni riwaya, lakini msizifiche ndani ya juzuu. Zileteni tuzisome pamoja, tupambanue la kuchukua na la kuacha. Enyi walimu wenzetu, tusikamate kitabu kabla ya kuwa na kingine mkononi. Nanyi wazazi, kila msimu wa kuamia ndege mabinti hupelekwa madunguni, na wengine mpunga ukishavunwa hawarudi tena darasani. Tunaomba warudi. Binti aliyeachishwa elimu naye amenyang'anywa kitu, na hakuna mchawi wa riwayani atakayekuja kumrudishia.

Kitabu tumekwishamrudishia mwenyewe. Tumemwomba atusimulie darasani habari za Mwana Fatuma, naye amekubali, inshaallah.