Muzee anayesahau si muchawi

Wandugu wachimbaji, na ninyi wamama munaowangoja nyumbani, sendika inazoea kusema nanyi juu ya mashimo yanayobomoka, juu ya bei ya dhahabu na juu ya vizuizi vya barabarani. Leo tunasema juu ya muzee aliyeacha kuchimba na sasa anakaa nyumbani. Anauliza neno lile lile mara kumi kwa saa moja. Anatoka usiku na kusema anaenda kazini. Anamwita binti yake kwa jina la mutu aliyekufa zamani.

Hapa Butembo na kule Beni, jamaa zenye muzee wa namna hiyo si chache. Wengine wanamuficha juu ya haya. Wengine wanamupeleka kwenye chumba cha maombi, wanamufungisha siku tatu bila kula. Na kuna pahali wanafikia kusema: huyu mama ni muchawi, ndiye anakula watoto. Hapo ugonjwa unageuka hukumu ya kifo. Mwaka 2021 Kivu ya Kusini ilisikia habari za wanawake walioshitakiwa uchawi na kuuawa. Hatutaki habari hiyo ifike kwetu kwa mulango wa muzee aliyepoteza kumbukumbu.

Tuseme wazi: huu ni ugonjwa wa ubongo. Kwa Kifaransa wanauita démence, na neno hilo lenyewe linatia watu woga, kwa sababu mitaani démence maana yake ni wazimu. Lakini muzee huyu si mwenda wazimu. Ubongo wake unaharibika polepole, sawa vile moyo ao figo inaweza kuharibika. OMS inasema kwamba mwaka 2021 watu milioni 57 duniani walikuwa na ugonjwa huo, na zaidi ya 60 kati ya kila 100 wanaishi katika inchi za mapato madogo na ya katikati. Kwa hiyo si ugonjwa wa wazungu peke yao.

Ushahidi uko karibu. Tanzania, katika wilaya ya Hai, chini ya mlima Kilimanjaro, watafiti walipima wazee katika vijiji mwaka 2009 na 2010. Kati ya watu 100 wenye miaka 70 na zaidi, karibu 6 walikuwa na ugonjwa huu. Tena walitengeneza kipimo kinachofaa mutu asiyejua kusoma. Badala ya kumupa muzee kalamu ambayo hakuishika maisha yake yote, wanamupa vijiti vya kiberiti avipange kwa mufano anaoonyeshwa. Wachimbaji wengi waliingia shimoni mbele ya kumaliza shule, tunajua faida ya kipimo cha namna hiyo.

Mutu atauliza: sasa mutafanya nini, dawa ya kuuponyesha haiko? Ni kweli, haiko. Lakini kutunza muzee vizuri ni kazi yenye ufundi, na ufundi huo umechunguzwa. Ulaya wazee wengi wa namna hiyo wanakaa katika nyumba za wazee, na kule watafiti waliangalia ni kitu gani kinawasaidia. Siye karibu wazee wetu wote wanakaa nyumbani, lakini tunaweza kuchukua matokeo yale na kuyatumia katika nyumba ya udongo sawa vile katika nyumba ya matofali.

Norvege, wachunguzi walifuata wazee 352 katika nyumba 18. Wazee hao walikuwa wakisumbuka, wakipiga kelele, wakisukuma watu. Kikundi kimoja kilipewa dawa ya maumivu kwa mupango, na wengi wao walipata parasetamoli tu. Kisha majuma 8 fujo ilipungua. Sababu ni nini? Mutu aliyepoteza maneno hawezi kusema goti linauma, ao jino, ao mugongo. Anasema kwa ngumi. Fikirini sasa mugongo wa mutu aliyebeba mawe miaka 30. Mbele ya kusema muzee ana pepo, muulize muganga kama ana maumivu.

Uingereza, katika nyumba 69 zenye wazee zaidi ya 800, waliwafundisha watunzaji kumujua kila muzee: alifanya kazi gani, anapenda wimbo gani, anaogopa nini. Wakaongeza saa moja kwa juma ya kukaa naye na kufanya kitu pamoja. Maisha ya wazee yakawa bora na usumbufu ukapungua. Saa moja kwa juma! Na kule Hai, wazee 34 wenye ugonjwa huu walikutanishwa mara 14 kwa majuma 7, katika vikundi vya mazungumzo na michezo ya kuamsha akili. Nao walipata nafuu. Hakuna mashini iliyoagizwa kutoka ngambo kwa kazi hiyo.

Kuna na onyo. Kuna dawa za wagonjwa wa akili ambazo watu wanamupa muzee ili alale na nyumba itulie. Toka mwaka 2005, wakubwa wa madawa wa Marekani walitangaza kwamba dawa hizo zinaongeza hatari ya kufa kwa wazee wenye ugonjwa huu. Musizinunue kwenye farmasi bila karatasi ya muganga.

Musikie tena neno hili, linaweza kuokoa mutu. Ugonjwa huu unakuja polepole, kwa miezi na miaka. Kama muzee alikuwa na akili timamu siku ya Mungu, na siku ya pili anasema ovyo, hiyo si démence. Inaweza kuwa malaria, maambukizo ya mukojo, ao damu iliyovujia kichwani kisha kuanguka. Peleka hospitali siku ile ile. Tena kuna visa ambavyo dawa yake iko: upungufu wa vitamini, huzuni nzito, pombe.

Siye wa dhahabu tuko na jambo letu la pekee: zebaki. Wakati munachoma dhahabu, moshi wake unaingia mapafuni na kufika kwenye ubongo. Unaleta kutetemeka, kukosa usingizi na kupoteza kumbukumbu. Sumu hiyo si ugonjwa wa uzee, lakini inaufanana, na inashika hata kijana. Haifai kuchoma zebaki ndani ya nyumba ambamo mama anapika na mutoto analala. Kuna na mambo mengine ya kazi yetu. Mwaka 2024 waganga walioandika katika gazeti la Lancet walihesabu mambo 14 yanayoongeza hatari ya ugonjwa huu, na walisema kama yangeondolewa, karibu nusu ya visa ingeweza kuzuiwa ao kucheleweshwa. Kati ya hayo 14 kuna masikio yaliyokufa, pigo la kichwa, tansio, tumbaku, pombe mingi na kukosa shule. Nani asiyejua kelele ya mashini ya kuponda mawe na baruti? Tunapodai kofia ngumu na vizibo vya masikio, tunatetea mukono wa leo na akili ya kesho.

Wengine watatuambia: watu wanauawa toka 2014 huko Beni, jamaa wanakimbia kila juma, na ninyi munaleta habari ya wazee wanaosahau? Tunajibu: ni juu ya vita tunasema. Kitu cha kwanza muzee huyu anahitaji ni pahali anapozoea, mulango ule ule, kiti kile kile, sura zile zile. Vita vinamunyanganya vyote usiku mumoja. Yeye ndiye anayepotea njiani wakati watu wanakimbia, yeye ndiye anayerudi kutafuta nyumba iliyochomwa. Ukikimbia naye, andika jina lake na namba ya simu yako kwenye karatasi, ishone ndani ya nguo yake. Umupe mutu mumoja kazi ya kumushika mukono.

Na nani anabeba muzigo huu nyumbani? Ni muke, ni mukaza mwana, na mara mingi ni binti anayetolewa shuleni ili amuchunge koko. Mulezi naye anachoka, anagonjwa, anakasirika. Hapo sendika na makoperativa wanaweza kufanya kitu. Likelemba zetu zinazika watu vizuri. Ziweke vilevile kidogo kwa kumutunza mutu angali hai. Kila kikundi kipange zamu: majirani wawili, saa mbili kwa juma, wakae na muzee ili mulezi aende sokoni, alale, ao aende shuleni.

Kwa kanda za afya tunaomba hivi: wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, watu wenu walipita nyumba kwa nyumba Beni na Butembo, wakijua kila mulango. Wafundisheni wale wale kutambua ugonjwa huu na kuutenganisha na malaria na huzuni. Butembo tuko na chuo kikuu cha Graben chenye kitivo cha uganga. Wanafunzi wake wapewe somo hilo kwa vitendo kwenye kartie zetu. Kwa mapasta na mapadri: neno lenu lina nguvu kuliko letu. Semeni mbele ya watu wote kwamba kusahau si uchawi.

Kwa Leta: sheria ya migodi ya 2018 inalazimisha kampuni yenye kibali kutoa angalau 0,3% ya mauzo kwa maendeleo ya wenyeji, na 15% ya redevansi inaenda kwa vyombo vya mahali. Pale pesa hiyo inapolipwa, utunzaji wa wazee uandikwe katika mipango. Na muchimbaji wa mikono afunguliwe mulango wa CNSS, asifike uzee na mikono mitupu.

Katika mikutano ya mwezi huu, kila kikundi kilete hesabu mbili: wazee wangapi wanasumbuka na kusahau, na binti wangapi wameacha shule kwa kuwachunga. Musilete majina, leteni hesabu. Tukiwa nazo mukononi, hakuna mukubwa atakayetuambia ugonjwa huo haiko kwetu.