Mwenye ghala hapangiwi bei

KATIKA eneo la mvinyo la Tokaj, kaskazini mashariki mwa Hungary, kipo kijiji kinachoitwa Hercegkút. Pembezoni mwake, milango ya mawe imepangana kwenye mteremko wa kilima, safu juu ya safu, mithili ya nyumba zilizozikwa nusu. Hizo si nyumba. Ni maghala ya mvinyo, yaliyochimbwa na familia za wakulima wenye asili ya Ujerumani waliohamia huko katikati ya karne ya 18.

Maghala hayo hayahitaji umeme. Mwamba laini wa volkano hutunza joto la nyuzi kama 10 hadi 12 za Selsiasi, kiangazi na kipupwe. Unyevu ni mwingi na ukungu mweusi hufunika kuta. Humo, mvinyo mtamu wa aszú, utokanao na zabibu zilizosinyaa shambani kwa kuvu maalumu, hukomaa kwa miaka ndani ya mapipa ya mwaloni.

Mwaka 2002, UNESCO iliiingiza Tokaj kwenye orodha ya urithi wa dunia, yakiwamo maghala ya Hercegkút. Ni heshima, na watalii huleta fedha. Lakini kuyafanya pambo la wageni tu ni kupoteza faida yake kuu.

Zabibu huoza upesi. Mkulima asiye na ghala huuza siku ya mavuno kwa bei anayopewa. Mwenye ghala hukamua, huhifadhi na kusubiri. Wakati wa ukomunisti, biashara ya mvinyo wa Tokaj ilihodhiwa na serikali. Baada ya mageuzi ya 1990, walikuja wawekezaji kutoka Ufaransa, Hispania na kwingineko. Walileta mitaji na ujuzi, lakini mkulima mdogo anayeuza zabibu mbichi bado humtegemea mnunuzi mkubwa.

Wapo watakaosema ghala la familia haliwezi kushindana na kiwanda. Ni kweli, likiachwa peke yake. Wenye maghala wakishirikiana kununua mashine za kukamulia, kupima ubora na kutafuta soko, kila mmoja abaki na ufunguo wake, hoja hiyo hupungua nguvu.

Wakulima wa zabibu wa Dodoma, wanaovuna mara mbili kwa mwaka, hawana haja ya kuelezwa uchungu wa kumsubiri mnunuzi huku mazao yakiharibika. Anayesaidia kilimo cha zabibu aanze na mahali pa kuhifadhi.