Taa Zikizimwa, Kadi Inabaki na Nani?



Mwezi wa nane nilisafiri kutoka Migwani hadi Mombasa kwa harusi ya binamu yangu. Nikiwa huko nikalipa shilingi 12,000 kusomea upigaji wa picha za chumbani kwa siku mbili. Haya, nimesema. Anayetaka kukasirika akasirike sasa hivi, ndio tuendelee vizuri.

Picha za chumbani ni zile ambazo wapiga picha huziita budwa, neno la Kifaransa la chumba cha ndani cha mwanamke. Mwanamke anapigwa akiwa amevaa kile ambacho kwa kawaida anaonwa nacho na mumewe tu. Gauni la kulalia, kanga moja, bega wazi, nywele zimeachiliwa. Wengi hupigwa kabla ya harusi ili bwana harusi apewe albamu yake. Wengine hupigwa baada ya kujifungua au baada ya ugonjwa mrefu, wanataka tu kujiona tena.

Kwa nini mimi, mtu wa kuandaa mikutano ya vijana na kufuatilia vitambulisho vya watu kwa chifu, niende huko? Mimi hupiga picha pia. Mahafali za madrasa, nikahi, akika, hapa Migwani na Mwingi. Ramadhani iliyopita bibi harusi mmoja wa huku kwetu alinijia baada ya tarawehe. Mumewe ni mlinzi Qatar, aliondoka wiki tatu baada ya ndoa. Akaniambia, "Dada, nipige picha moja nzuri nimtumie. Studio iko pale stendi lakini mwenyewe ni mwanamume, mimi siwezi." Nilimkatalia. Kusema kweli sikujua kupanga taa za ndani, na nilikuwa naogopa maneno ya watu.

Basi akajipiga mwenyewe na simu, mlango umefungwa, simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta. Baada ya miezi miwili kioo cha ile simu kikapasuka. Fundi akamwambia aache simu na namba ya siri. Dada wa watu alikaa nje ya kibanda saa mbili nzima kwenye jua, hataki hata kwenda kununua maji, macho yako kwa mikono ya yule fundi. Alhamdulillah hakuna kilichotokea. Lakini aliponisimulia niliona aibu, manake mimi ndiye niliyemfukuza.

Ndio nikaenda Mombasa na kamera kwenye begi. Siku hizi kwetu unashuka Kitui, Mutomo, Kibwezi, unatokea barabara kuu bila kuzunguka Nairobi.

Warsha ilikuwa kwenye nyumba ya kukodi Nyali. Wanafunzi wanane, wote wanawake, mwalimu mwanamke, na kwenye tangazo waliandika kabisa "wanawake watupu". Hilo ndilo lililonivuta. Na sitadanganya, nilijifunza. Nilijifunza kwamba dirisha moja lenye pazia jeupe linashinda taa tatu za bei. Ukimweka mtu ubavuni mwa dirisha, nusu ya uso inapata nuru na nusu inabaki kivulini, na hapo ndipo mwili unapata umbo bila kuanikwa. Ubao mweupe wa shilingi mia mbili upande wa pili unarudisha nuru kidogo. Lenzi ya milimita 85 inakuruhusu kusimama mbali, usimkaribie mtu ukamtia wasiwasi. Mwalimu alituambia mikono ndiyo inayosema kama mtu ana raha au hana, kwa hiyo tutazame mikono kwanza. Niliipenda sana hiyo.

Sasa, kwa warsha ya vitendo lazima kuwe na mtu wa kupigwa. Walileta msichana wa miaka kama ishirini na mbili, mwanafunzi wa chuo, tena kwa lafudhi nikamjua ni mtu wa bara kama mimi. Alilipwa shilingi 3,000 kwa siku. Asubuhi alipewa karatasi ya Kiingereza, ukurasa mmoja, akaisaini amesimama, hijabu yake ikiwa bado kichwani. Halafu akaenda kubadilisha nguo.

Niliisoma ile karatasi wakati wa chai. Ilisema kila mshiriki anaweza kutumia picha hizo popote, kwa shughuli yoyote, milele. Sisi tulikuwa wanane. Mwalimu na msaidizi wake pia walikuwa wanapiga. Yaani kamera kumi, kadi kumi, laptopu kumi, na kila mmoja anarudi kwao. Nilimuuliza mwalimu, "Na huyu dada anabaki na nini?" Akanijibu kwa upole kabisa, si kwa ubaya, kwamba hivyo ndivyo inavyofanyika duniani kote, na mwanafunzi lazima aondoke na albamu ya kuonyesha wateja.

Hapo ndipo nina ugomvi. Sina ugomvi na kamera wala na mwanamke kutaka kupendeza. Ugomvi wangu ni na biashara ambayo watu kumi wanatoka na mwili wa mtu mmoja mfukoni, na yeye mwenyewe anatoka na nauli. Na neno "wanawake watupu" lilitufunika macho. Wanawake watupu chumbani, sawa. Lakini picha haikai chumbani. Mwenye kamera ana kaka, ana mume, ana kijana wa kumhariria picha, ana simu inayopandisha kila kitu mtandaoni yenyewe usiku akiwa amelala.

Nikiri na langu. Siku ya kwanza niliuliza lile swali moja nikanyamaza, nikaendelea kupiga. Nilikuwa nimelipa 12,000, na dirisha lilikuwa linatoa nuru tamu. Nilipiga picha 214.

Siku ya pili jioni nilimfuata yule msichana nje, nikamwomba tukae. Nikampa kamera, nikamwambia, "Pitia zote. Unazotaka zibaki zibaki, zingine naziondoa ukiwa hapa." Alipitia polepole sana. Kwenye picha kama ya hamsini akaniuliza, "Kwani naweza kukataa? Si nilisaini?" Alibakisha tatu. Moja ya mikono, moja ya mgongo na nywele, moja ya kivuli chake ukutani. Nilimtumia hizo tatu akiwa anaona, nazo nikaziondoa. Kisha nikafuta kadi nzima, halafu nikawasha video nikaielekeza kwenye ukuta, nikaiacha mpaka kadi ikajaa.

Video ya ukuta ya nini? Kwa sababu ukifuta picha kwenye kadi, kamera haiiondoi. Inaandika tu kwamba nafasi ile sasa iko wazi. Picha inakaa palepale mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake, na programu za kuirudisha zinapatikana bure. Kamera nyingi za kazi zina nafasi mbili za kadi, zinaandika nakala mbili kwa wakati mmoja. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimefuta" huku akikuonyesha skrini, hujaonyeshwa kitu. Na hiyo ni kadi yangu peke yangu. Zile tisa siwezi kuzisemea.

Tuzungumze sheria kidogo, manake haki zetu ndizo hizi. Kifungu cha 31 cha Katiba ya 2010 kinalinda faragha ya kila mtu. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, idhini lazima itolewe kwa hiari na kwa kuelewa, na aliyeitoa anaweza kuiondoa. Kwa hiyo jibu la swali la yule msichana ni ndiyo, unaweza kukataa hata baada ya kusaini. Kuna ofisi ya Kamishna wa Data ya kupeleka malalamiko, na sheria inaipa siku 90 kuyamaliza. Na haichezi. Mwezi wa tisa 2023 ilipiga faini klabu ya Casa Vera ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini, na Roma School ya Uthiru shilingi 4,550,000 kwa picha za watoto bila idhini ya wazazi. Hizo zilikuwa picha za watu waliovaa nguo zao kamili. Sasa piga hesabu hizi zetu.

Na ukimlipa mpiga picha akupige, Sheria ya Hakimiliki inasema kazi ile ni yako wewe uliyeiagiza, isipokuwa mmekubaliana vingine. "Mmekubaliana vingine" ndiyo ile karatasi ya Kiingereza unayosaini umesimama. Yule msichana hakuagiza, yeye ndiye aliyelipwa, kwa hiyo hata huo mlango ulikuwa umefungwa kwake. Kusambaza picha ya utupu ya mtu nako ni jinai tangu Sheria ya Makosa ya Mtandaoni ya 2018: faini hadi 200,000, kifungo hadi miaka miwili, au vyote. Kaka yangu unayefowadi kwa kikundi cha WhatsApp ukiandika "astaghfirullah tazameni hii", nawe umo.

Nimesikia mawaidha mengi juu ya wasichana na picha. Sijasikia hata nusu yake juu ya vijana wanaozitunza. Surat an-Nur inaanza na macho ya wanaume kabla ya kuja kwa mavazi ya wanawake, someni mpangilio wa aya ya 30 na 31. Na kwenye aya ya 58 hata watoto wa nyumbani wanafundishwa kubisha hodi nyakati tatu, nyakati ambazo watu wamevua nguo. Mimi si sheikh na sitoi fatwa kuhusu picha za chumbani. Wako wanaozikataza moja kwa moja, na anayewafuata ana dalili zake. Lakini wale dada wanaojipiga na simu hawakuningoja mimi wala fatwa. Wanajipiga sasa hivi, na wanazikabidhi kwa mafundi wa simu.

Wala si mambo ya jana. Parekh alikuwa na studio yake Mombasa tangu miaka ya 1940, na akina mama wa Kiislamu waliingia mle na buibui, wakalivua ndani, wakapigwa wamejipamba kama maharusi. Picha ilikuwa moja, ya karatasi, ikaingia sandukuni chini ya kanga. Mwaka 2022 picha za studio ile zilitoka kwenye kitabu cha Isolde Brielmaier, na leo mtu wa New York anazifunua. Ni picha za heshima na kitabu ni kizuri. Ila sandukuni zilipokuwa zinaingia, nani angewaza New York? Na hiyo ilikuwa karatasi, si faili linalonakiliwa mara elfu kwa dakika.

Watu wa pwani jambo hili wamelielewa zamani kuliko mawakili. Kwenye kupamba kwa binamu yangu, mlangoni walisimama akina mama wawili wenye nyuso ngumu. Simu yako inaingia kwenye bahasha yenye jina lako, unaipata ukitoka. Shangazi yangu aliyetoka Mwingi alilalamika kwelikweli, ati anasubiri simu ya muhimu. Hakupita mpaka alipoitoa. Ndani wanawake wakavua mabuibui, wakacheza mpaka saa sita usiku bila kugeuka nyuma kuangalia nani anarekodi. Hakuna aliyesaini karatasi.

Kwa hiyo nimerudi na utaratibu huu, na nimeushanza na yule bibi harusi wa Qatar. Memori kadi anakuja nayo mteja mwenyewe, mpya, ya shilingi kama mia nane. Kamera yangu haina nafasi ya pili, nimemwonyesha. Tulipiga nyumbani kwake saa tatu asubuhi, dirisha la mashariki, shuka jeupe badala ya pazia. Tukachagua pamoja kwenye skrini ya kamera. Laptopu sikuibeba kabisa. Kadi akaitoa yeye kwa mkono wake, mimi nikabaki na kamera tupu na shilingi 1,500. Ndiyo, nakosa albamu ya kuonyesha wateja. Watakaokuja watakuja kwa kuambiwa.

Alimtumia mumewe moja tu, akaiweka ifunguliwe mara moja na kutoweka. Nikamwambia hata hiyo mumewe akitumia simu nyingine anaweza kuipiga picha. Akacheka, "Huyo namwamini, dada. Ni fundi ndiye simjui."

Nataka wasichana sita wa Migwani, Mwingi au Kabati wanaojua kushika kamera au wanaotaka kujua. Jumamosi mbili, bure, kwenye ukumbi wa madrasa baada ya Dhuhuri. Dirisha lipo, shuka ninalo. Mtu wa kupigwa hatutaleta kutoka nje. Tutapigana sisi kwa sisi kwa zamu, na kila mmoja aje na kadi yake.