Geji za mshale zisitupwe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niwashauri wenzangu wanaofufua boti za zamani. Wengi hung'oa geji za mshale na kuweka kioo cha tarakimu.

Mwaka jana nikivusha abiria kutoka Mafia kwenda Nyamisati, waya wa betri ulioliwa na chumvi ulikatika. Kioo kikazimika, dizeli ikaendelea kuunguruma. Geji kuukuu ya presha ya oili, isiyotumia umeme, ndiyo iliyonihakikishia kuwa injini ni salama, tukafika.

Sipingi maendeleo. Kioo kipime kina cha maji na kupiga king'ora. Lakini presha ya oili na joto la injini tuviachie mshale. Abiria wanatutegemea.

Nahodha Mzee,
Kilindoni, Mafia.