Anayetoa amri alipe bando

Na Zawadi Mwakio

Mwalimu akitaja kuacha kazi siku hizi, wakubwa wana jibu tayari: anaogopa kompyuta. Jibu hilo ni la uvivu.

Turudi Machi 2020. Shule za Kenya zilifungwa kwa amri ya Rais Uhuru Kenyatta kwa sababu ya korona, masomo yakahamia redioni, runingani na kwenye simu. Mwalimu wa Tume ya Huduma za Walimu (TSC) aliendelea kupokea mshahara. Wengi wa wenzake wa shule za binafsi waliambiwa wasubiri: karo haiingii, mshahara hautoki. Hata hivyo baadhi yao walitakiwa wafundishe kwa WhatsApp, na bando wajinunulie. Somo lilitumwa asubuhi, lakini simu ya nyumbani kwa mwanafunzi ni moja, nayo iko kazini na mama. Kwa hiyo maswali yalianza kumiminika saa mbili usiku, pamoja na picha za madaftari zilizopigwa gizani, za kusahihishwa kwenye kioo cha simu. Mwanafunzi alipata uhuru wa kusoma saa yoyote. Mwalimu akapoteza kengele ya kwenda nyumbani.

Huko Mwea, shule moja ya binafsi iligeuza madarasa kuwa mabanda ya kuku. Walimu walienda kulima, kuuza mboga, kuendesha bodaboda. Shule zilipofunguliwa kikamilifu Januari 2021, wapo waliokwishaona kuwa bodaboda inalipa kila jioni.

Ungedhani tulipata funzo. Leo mwalimu wa mtaala wa umilisi (CBC, sasa CBE) anapakua kazi za tathmini kwenye tovuti ya Baraza la Mitihani (KNEC), anazichapisha, anasahihisha, kisha anapakia alama. Mtandao ukigoma siku ya mwisho, nauli ya kwenda saiba ni yake. Bado hajajaza fomu za TPAD za kumpima yeye mwenyewe. (Sijakutana na mwalimu anayesema TPAD imemfanya afundishe vizuri zaidi. Pengine yupo.) Na walimu tarajali wa sekondari msingi, walioanza 2023 kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato, nao walichota bando na nauli humo humo.

Mtu wa namna hiyo akiandika barua ya kuacha kazi, amepiga hesabu tu.

Wizara na TSC, kabla ya mwongozo mwingine wa masomo ya mtandaoni, tengeni pesa za bando la mwalimu, mwekeeni saa ya kuzima simu, na muda wa kupakia alama uhesabiwe kama vipindi. Kama bajeti haina nafasi hiyo, mwongozo usitolewe.