Kamusi Isiyo na Mhariri: Maoni Kuhusu Matamshi ya Kompyuta na Usanifu wa Kiswahili

Kwa desturi ya leksikografia ya Kiswahili, kamusi ni kazi ya jopo. Vidahizo hukusanywa, hujadiliwa, huhaririwa, na hatimaye huchapishwa katika toleo lenye mwaka wake. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mwaka 1981, toleo la pili likafuata mwaka 2004 na la tatu mwaka 2013. Mtafiti anayetaka kujua ni kidahizo gani kilichobadilishwa huyaweka matoleo hayo mezani akayalinganisha. Katika miaka ya karibuni imezuka kamusi ya namna nyingine, ambayo haisomwi na mtu bali na mashine inayogeuza maandishi kuwa sauti. Makala haya yanadai kwamba kamusi hiyo nayo ni kazi ya kileksikografia, na kwamba kuwaachia mafundi wa kompyuta peke yao ni kuacha sehemu ya usanifu wa lugha bila mhariri.

Mfano unaofaa ni huduma ya Amazon Polly, iliyozinduliwa mwishoni mwa mwaka 2016 ikiwa na sauti 47 katika lugha 24. Kiswahili hakikuwa miongoni mwa lugha hizo. Mtumiaji huandika kamusi yake katika faili, kwa muundo uliopitishwa na shirika la W3C mwaka 2008. Kila kidahizo huwa na tahajia ya neno, na kando yake ama matamshi kwa alfabeti ya kifonetiki ya kimataifa, ama neno jingine litakalosomwa badala yake. Faili hilo husimamiwa kwa amri nne fupi zinazochapwa kwenye kompyuta: ya kuiweka kamusi kwenye seva, ya kuichukua, ya kuorodhesha zilizopo na ya kufuta. Akaunti moja huweza kuhifadhi kamusi hadi 100, na matini moja husomwa kwa msaada wa kamusi zisizozidi tano.

Wepesi huo una gharama yake. Amri ya kuweka ikipewa jina la kamusi iliyokwisha kuwapo, kamusi mpya huchukua nafasi ya ile ya zamani. Jina lenyewe haliruhusiwi kuzidi herufi na tarakimu 20. Aidha, kamusi iliyowekwa katika kanda moja haipatikani katika kanda nyingine, na ile ambayo lugha yake hailingani na lugha ya sauti iliyochaguliwa haitumiki. Kwa fundi, haya ni masharti ya kawaida ya kazi. Kwa mwanaleksikografia, maana yake ni kwamba matamshi yaliyosikika jana yanaweza kubadilishwa leo, na toleo la jana lisipatikane popote isipokuwa kama mtu alilihifadhi kwa hiari yake.

Hoja inayotolewa mara kwa mara ni kwamba Kiswahili hakihitaji kamusi ya matamshi, kwa kuwa hutamkwa kama kinavyoandikwa. Hoja hii ina ukweli kiasi, lakini haijitoshelezi. Neno mbuni, kwa maana ya ndege, lina silabi mbili. Kwa maana ya mti uzaao buni lina silabi tatu, kwa sababu m- ya ngeli husimama kama silabi. Neno barabara hubadilika maana kwa mkazo: ukiwa katika silabi ya pili kutoka mwisho ni njia, ukiwa katika ya tatu kutoka mwisho ni sawasawa.

Hata hivyo, yafaa izingatiwe kwamba kamusi inayotafuta neno kwa tahajia yake pekee haiwezi kuyatatua maneno hayo. Tahajia ni moja na matamshi ni mawili. Kinachoamua ni muktadha. Dawa yake ni kutia alama za matamshi ndani ya matini yenyewe. Kwa upande mwingine, kamusi ya namna hii hulinganisha neno zima, si mzizi. Anayetaka kusahihisha dh ya kitenzi dhulumu atalazimika kuandika adhulumu, wamedhulumiwa, hatukudhulumu na mengine mengi, moja moja. Ni zana iliyobuniwa kwa lugha ambazo neno huingia katika sentensi likiwa na maumbo machache. Lugha ambishi huibebesha mzigo isioweza kuuhimili.

Kinachobaki ndani ya uwezo wake ni vifupisho na majina, na hapo ndipo penye uamuzi mzito. TANU na UKIMWI husomwa kama maneno, ilhali CCM husomwa kwa majina ya herufi za Kiingereza ingawa maneno yaliyofupishwa ni ya Kiswahili. Mtunzi wa kamusi aandike matamshi yaliyozoeleka, au aiamuru mashine itamke Chama Cha Mapinduzi? Na pale ambapo sauti ya Kiingereza inatumiwa kusoma majina ya watu na mahali pa Afrika Mashariki, fonimu za Kiingereza hazina sauti ya gh iliyomo katika neno ghali. Mtunzi atachagua mbadala, na mbadala huo ndio utakaosikika. Tahajia ya Kiswahili ilijadiliwa na Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930. Mbadala huu huchaguliwa na mtu mmoja, na msikilizaji asiyeona, anayetegemea sauti hiyo kusoma gazeti, hana namna ya kuhoji.

Kwa hiyo, mambo matatu yanapendekezwa. Kwanza, faili la kamusi lihifadhiwe nje ya huduma, pamoja na tarehe, jina la mhariri na sababu ya kila badiliko, na kamusi iliyopo ichukuliwe kabla ya mpya kuwekwa. Pili, vyombo kama BAKITA, vikishirikiana na idara za Kiswahili za vyuo vikuu, vitoe orodha huru ya matamshi ya vifupisho na majina, itakayoweza kupakiwa katika huduma yoyote. Tatu, wanafunzi wa uzamili wa fonolojia wapewe kamusi hizi kama data ya tasnifu, kwa kuwa ndani yake mna maamuzi halisi ya matamshi yanayongoja kuchunguzwa.

Gharama ya mapendekezo haya ni ndogo. Orodha ya vidahizo mia chache yaweza kuandaliwa na semina moja katika muhula mmoja. Ikiachwa, itaandaliwa hata hivyo, na mtu ambaye hakuulizwa na hatajulikana.