Mac ya Kuunganisha: Kioo Cheusi Huanzia Sokoni

Biashara ya kompyuta zilizotumika huvuka mipaka yetu bila kelele nyingi. Sanduku linatoka Dubai, linashushwa Mombasa au Dar es Salaam, linagawanywa Luthuli au Kariakoo, na baada ya muda mfupi mashine iliyokuwamo imefika Kampala, Kigali, Bujumbura au Goma. Katika mizigo hiyo ipo bidhaa moja inayostahili kuzungumzwa peke yake. Ni kompyuta ya kawaida iliyounganishwa na fundi kwa vipuri vya madukani, kisha ikawekewa mfumo wa Apple ili ifanye kazi kama Mac. Mafundi huiita Hackintosh.

Wateja wake wanajulikana. Ni wenye studio za muziki na wapiga video za harusi, kwa kuwa programu za Final Cut Pro na Logic Pro haziendi kwenye Windows. Malalamiko yao nayo yanajulikana. Mashine inawaka, tunda la Apple linaonekana, mstari unajaa hadi nusu, halafu kioo kinakuwa cheusi. Au kioo kinawaka vizuri, lakini picha zinakwamakwama na Final Cut inakataa kufunguka. Mnunuzi anampigia simu muuzaji aliye ng'ambo ya mpaka, naye muuzaji anajibu: hiyo ni draiva tu, tafuta fundi atamaliza.

Kwa maoni yangu, jibu hilo limeshawapotezea watu fedha nyingi. Tatizo la kioo kwenye Mac ya kuunganisha, mara nyingi, liliamuliwa siku kadi ya picha iliponunuliwa. Kadi ikiwa siyo, fundi atalipwa leo, atalipwa kesho, na kioo kitabaki vilevile. Kwa hiyo mwenye wajibu wa kwanza ni sisi wafanyabiashara, kabla mzigo haujafungwa.

Sababu yake ni rahisi kuielewa. Kwenye Windows, kampuni iliyotengeneza kadi ndiyo inayoandika draiva, nawe unaipakua. Kwenye mfumo wa Mac, draiva huja ndani ya mfumo wenyewe, na Apple huweka zile za kadi ilizoamua kuzikubali. Kadi isiyokuwa katika orodha hiyo haina mahali rasmi pa kupata draiva, hata kama ni mpya na ya bei kubwa.

Mfano mkubwa ni Nvidia. Kwa miaka kadhaa kampuni hiyo ilitoa draiva zake yenyewe kwa ajili ya Mac, lakini ziliishia kwenye mfumo wa High Sierra wa mwaka 2017. Mojave ilipotoka mwaka 2018, draiva za Nvidia hazikuja tena. Maana yake ni kwamba GTX 1050 Ti, GTX 1060 na GTX 1080, ambazo zimejaa madukani, haziwezi kwenda mbele ya High Sierra zikiwa na nguvu zake. GTX 1650 na kadi zote za RTX hazikuwahi kupata draiva ya Mac hata siku moja. Kadi kongwe za Nvidia za kizazi cha Kepler, kama GT 710, ziliendelea hadi Big Sur, kisha Apple ikaziondoa katika Monterey mwaka 2021. Anayekuuzia mashine yenye RTX akikuahidi kwamba draiva ya Mac inakuja, amekuuzia ahadi.

Kadi zinazokubalika ni za AMD, lakini nazo si zote. RX 570 na RX 580 hukubali moja kwa moja, ndiyo maana zinapendwa. RX 5500 XT, RX 5600 XT na RX 5700 XT zinafanya kazi, na vilevile RX 6600, RX 6800 na RX 6900 XT. Katikati ya familia hiyohiyo kuna mitego. RX 6400, RX 6500 XT na RX 6700 XT hazikuandikiwa draiva na Apple, na kadi za RX 7000 zote ziko nje. RX 550 ina matumbo ya aina mbili chini ya jina moja: aina moja inakubali, nyingine inasumbua. Na RX 580 iliyoandikwa 2048SP inawaka, ila nguvu zake zinakaribia RX 570, basi bei yake nayo ishuke.

Kwa mashine zinazotegemea picha za ndani ya prosesa, kumbuka hivi: UHD 630 ya Intel, iliyomo katika prosesa nyingi za mezani za kizazi cha 8 hadi cha 10, inakubalika. Kuanzia kizazi cha 11, picha za ndani za Intel hazina draiva ya Mac. Prosesa yenye herufi F mwishoni haina picha za ndani kabisa. Hiyo haiwezi kuonyesha chochote bila kadi. Laptop yenye kadi ya Nvidia pembeni ya picha za Intel itatumia za Intel peke yake, na fundi anayejua kazi huizima ile ya Nvidia.

Sasa, kadi ikiwa ni sahihi na kioo bado ni cheusi, hapo ndipo fundi ana kazi ya kweli, na kazi yenyewe kwa kawaida si kubwa. Aanze na waya: uchomekwe kwenye kadi, si kwenye ubao mama, na tundu jingine lijaribiwe, kwa kuwa HDMI na DisplayPort za kadi moja zinaweza kutofautiana tabia. Aangalie umeme: RX 580 inahitaji waya wake wa umeme, na pawasaplai dhaifu huangusha mashine pale picha zinapoanza kuwa nzito. Kisha aingie kwenye BIOS, azime CSM na awashe Above 4G Decoding. Ahakikishe programu ya kuwashia mfumo, yaani OpenCore, inabeba Lilu na WhateverGreen, ambazo ndizo zinazopatanisha kadi na mfumo wa Apple. Kwa kadi za RX 5000 na RX 6000, kioo kinachokuwa cheusi katikati ya kuwaka mara nyingi huponywa na agizo moja, agdpmod=pikera. Akishindwa kuona kinachotokea, aongeze agizo la -v ili mashine iandike kila hatua kwenye kioo, ajue imekwama wapi.

Kadi za RX 570 na RX 580 zina jambo moja zaidi. Nyingi zilitumika kuchimba sarafu za kidijitali, na baadhi zilibadilishiwa BIOS ya ndani kwa kazi hiyo. Kadi ya namna hiyo inaweza kugoma kuonyesha picha hadi irudishiwe BIOS yake ya asili. Muulize muuzaji kadi ilitoka wapi. Kuuliza si ujinga.

Mfanyabiashara asiyejua kompyuta anaweza kuipima mashine kwa dakika tano kabla ya kutoa fedha. Azime mashine kabisa, aiwashe mwenyewe, asikubali kuikuta tayari imewaka. Abonyeze tunda la Apple lililo juu kushoto, afungue mstari wa kwanza unaoeleza habari za mashine, asome jina la kadi na kumbukumbu yake. Kadi ya GB 8 inapaswa kusomeka karibu na hapo. Ikiandikwa MB 7, ujue draiva haijashika na mashine inachora picha kwa prosesa tu. Aangalie upau wa chini wenye alama za programu: ukitembea kwa kukwama, dalili ni ileile. Acheze video ya 4K. Mwisho ailaze mashine usingizi na kuiamsha, maana nyingine huamka na kioo cheusi.

Haya yote ni ya kiufundi, na kuna mawili mengine yanayogusa biashara yenyewe. La kwanza ni sheria. Leseni ya Apple inaruhusu mfumo wake kuwekwa kwenye kompyuta zenye chapa ya Apple peke yake. Mwaka 2008 Apple iliishtaki Psystar, kampuni ya Florida iliyouza kompyuta za kuunganisha zenye mfumo wa Mac. Mahakama ya California iliipa Apple ushindi mwaka 2009, na rufaa ya Psystar ikashindwa mwaka 2011. Hukumu ile ni ya Marekani, lakini leseni inamfuata kila anayeuweka mfumo huo. Mtu anayejiundia mashine ya kujifunzia nyumbani na mtu anayepitisha mashine 20 Mutukula au Rusumo hawako mahali pamoja, na wa pili asijidanganye. Kuiandika mashine hiyo Mac kwenye ankara ni kumdanganya mteja na afisa wa forodha kwa pamoja.

La pili ni muda. Apple ilianza kuacha Intel mwaka 2020, Mac ya mwisho ya Intel ikaacha kuuzwa mwaka 2023, na mwaka 2025 kampuni ilitangaza kwamba mfumo wa Tahoe ndio wa mwisho kwa mashine za Intel. Hackintosh zote zinasimama juu ya mifumo hiyo. Kwa hiyo mashine unayovusha leo haitapokea mfumo mkubwa mpya baada ya Tahoe, na programu zitakazodai mfumo mpya zaidi zitamkataa mteja wako. Wakati huohuo Mac mini yenye chipu ya M4 ilitangazwa mwaka 2024 kwa dola 599 nchini Marekani. Hata ukiongeza usafiri na kodi, mteja wa studio ana haki ya kulinganishiwa bei hizo mbili kabla hajachagua.

Sisemi watu waache kuunganisha mashine. Vijana wengi wamejifunza ufundi wa kweli kwa kuhangaika na kadi hizi, na ufundi huo unatufaa sote. Ninachosema ni kwamba kila mashine ya aina hii inayovuka mpaka iandamane na karatasi moja iliyosainiwa na muuzaji. Karatasi itaje jina kamili la kadi, prosesa, toleo la mfumo lililojaribiwa, tundu la kioo lililotumika, na maneno yaliyo wazi kwamba hii si Mac ya Apple. Iongezwe onyo la kutobonyeza kitufe cha kusasisha mfumo bila fundi, kwa kuwa sasisho moja linaweza kuondoa draiva iliyokuwa ikifanya kazi. Diski ndogo ya USB yenye OpenCore ileile ikae ndani ya sanduku, ili fundi wa Bujumbura asianze upya kazi iliyokwisha kufanywa Nairobi.

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Karatasi hiyo haigharimu zaidi ya shilingi chache. Anayekataa kuiandika amekwisha kukujibu, na mzigo wake uache palepale ulipo.